Ramani ya Kabla ya Mafuriko

Juzi, pale steshenari ninapofanya kazi Kilwa Masoko, aliingia mzee kutoka Njinjo. Kwao mpaka wa vijiji viwili ni mto. Mafuriko yaliuhamisha, shamba lake la ufuta likabaki ng'ambo, na sasa wa kijiji cha pili wanalidai. Alitaka ramani. Nikaifungua kwenye tovuti ya serikali, nikaona haya.

"Samahani babu, hii ya zamani. Mto wameuchora ulipokuwa."

Akaweka kidole kwenye kioo, akaufuata taratibu mpaka shambani kwake.

"Ndiyo hiyo hiyo, mjukuu wangu. Chapa upesi, kabla hawajairekebisha."

Chini ya ukurasa kuna kitufe cha kuripoti makosa. Huwa nawaonyesha wateja wote. Huyu sikumwonyesha.