Paswadi ya Mababu

Jumatano, tarehe kumi na mbili. Jua kali tangu asubuhi, upepo wa vumbi, mabati yanalia Garissa nzima.

Leo nimeaibika, na naandika haraka kabla sijaanza kujidanganya kwamba haikuwa mbaya hivyo. Kikundi chetu cha akina mama wauza maziwa ya ngamia kilipewa kompyuta, ikawekwa kwangu siku tatu kwa sababu nyumba yangu ina stima, na leo ilikuwa tuchague karani wa kuitunza: mimi niliyeishia darasa la nane, au Sahra wa Takaba aliyesomea mambo hayo chuoni. Niliitaka kazi hiyo mpaka chakula hakishuki. Mwenyekiti wetu, Mama Fatuma, alishasema tangu juzi kwamba kila mmoja aeleze maneno ya kompyuta, atakayeeleweka ndiye. Leo akauliza, nani aanze? Badala ya kunyamaza nikasema, "Mimi. Nayajua yote." (Nilijua mawili na nusu.)

Kusema haki, nilianza vizuri. Bakapu, nikawaambia, ni kama mfugaji asiyeweka ngamia wake wote sehemu moja, wengine anawapeleka kwa shemeji yake huko Liboi, ili ukame ukipiga hapa asibaki na kamba mkononi. Basi na habari za kompyuta unaweka nakala yake mahali pengine. Wakapiga vigelegele. Seva, nikasema, ni kisima, kompyuta zote zinakuja kunywa hapo.

"Na hicho kisima kiko wapi, nani anachota?" akauliza Mwenyekiti.

Nikashikwa na kikohozi, kikohozi kirefu, mpaka nikaletewa maji.

Ningekomea hapo. Lakini sifa zilishanipanda kichwani, nikaingia kwenye paswadi: hiyo ni kufuli la kompyuta, nikasema, chagua kitu usichoweza kusahau hata ukiwa na homa, na yangu mimi hata mkikaa hapa mpaka Ramadhani hamtaijua.

"Kitu hausahau hata na homa?" Huyo ni Eedo Halima, dada ya marehemu baba yangu, ambaye kusoma hajui. "Si hiyo ni abtirsi?"

Abtirsi ni majina ya mababu, mtoto kwetu anakaririshwa kabla hajajua kuvaa viatu. Nikacheka, kicheko kikavu. Eedo akaanza kutaja, "Abdi, Nur, Hassan, Ali," na Mwenyekiti akabonyeza kwa kidole kimoja, herufi moja moja, huku mimi nasema jamani swala inakaribia.

Ikafunguka.

"Eedo, umejuaje?"

"Kwani babu zako ni wa nani kama si wangu, we mtoto?"

Projekta tuliyopewa pamoja na kompyuta ilikuwa inawaka, kwa hiyo ukutani pakatokea niliyoyaandika jana (daftari langu la kuandikia mambo ya kila siku lilijaa, nikahamia kwenye kompyuta). Wengi wetu hawasomi, ningepona. Ila Mwenyekiti alimaliza gumbaru, masomo ya watu wazima, juzi juzi na haachi maandishi yampite. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Wallahi seva siijui. Nitasema ni kisima. Wakiuliza zaidi nitakohoa."

Kisha Eedo: "Ndiyo maana kikohozi ilikuwa kavu!"

Walicheka mpaka mashungi yakawa ya kufutia machozi. Sahra peke yake hakucheka, lazima niliandike hilo. Alisimama akasema seva ni kompyuta inayohifadhi habari na kuzigawia kompyuta nyingine zinapoomba, "na kisima si uongo, dada. Ule mfano wako wa ngamia mimi nisingeuweza." Hapo ndipo niliumia kabisa, maana ukishindwa na mtu mbaya angalau unapata wa kumchukia.

Kura ilikuwa ya kuinua mikono. Wangu niliuinua kwa Sahra, mzito kama mtungi uliojaa, kwa sababu haki ni haki. Aliyenichagua mimi ni Eedo tu, na nilimwambia njiani kwamba amekosea, ni damu iliyompigisha kura.

"Najua," akasema. "Lakini ungebaki bila hata mkono mmoja?"

Sahra ameniita Jumamosi anifundishe. Nitaenda, na neno langu la kwanza litakuwa "sijui", na nitalitamka kwa sauti ile ile niliyosemea "nayajua yote".

Jioni tumekula ambulo, kunde nyekundu na sukari na mafuta ya simsim. Eedo alikula kwetu, akaongeza mara mbili.