Jepkoech na Tangi la Chokaa

Jepkoech, mama wa mtaa wa Kaptembwo, aliajiriwa katika kiwanda cha rangi mjini Nakuru, akakabidhiwa tangi la chokaa. Likijaa, mapanga ya chuma ya kukorogea yaliuzungusha uji mweupe wa chokaa na maji, chokaa isipate nafasi ya kutulia. Taabu ilikuja likikaribia kwisha. Uji ukishuka chini ya mapanga, yalikata hewa tupu, tangi likatetemeka, nayo chokaa ikalala chini na kuganda kama saruji. Ikabidi mtu aingie na sururu kuibomoa.

Siku moja aliingia Joash, mfanyakazi mwenzake. Jepkoech alikuwa juu ya ngazi akimshushia ndoo. Thuo, mwendesha mashine, alirudi kutoka chakula cha mchana, wala hakuna aliyemwambia kuna mtu ndani. Akabonyeza swichi.

Panga la kwanza lilimvunja Joash mkono. La pili lilimbamiza ukutani. Jepkoech aliruka kutoka ngazini, akamsukuma Thuo kwa kiwiko hadi jino likamtoka, akazima mashine.

Walipomtoa Joash, chokaa iliyomganda ilikuwa imegeuka nyekundu. Wanaume wakamgeukia Thuo. Wamalwa, aliyekula sahani moja na Joash kila siku, alimpiga spana ya mgongo. Wengine walimkanyaga kifuani. Thuo hakujikinga, alikuwa akisema tu, "Sikujua. Sikujua."

Jepkoech alijitupa juu yake. Spana iliyofuata ilimpasua yeye nyusi.

"Toka hapo, mathe," Wamalwa akasema.

"Piga tena. Mkishamuua huyu, mkono wa Joash utapona?"

Wamalwa alitazama damu ikimtiririka Jepkoech machoni. Spana ikamponyoka.

Joash alikatwa mkono, ila alipona. Wenzake waligoma kugusa tangi mpaka mambo mawili yafanyike: swichi iwekewe kufuli, ambayo ufunguo wake atauweka mfukoni yule anayeingia, na mapanga madogo yachomelewe karibu kabisa na sakafu, yakoroge hata uji ukibaki kidogo. Meneja alikataa, kisha kazi iliposimama akakubali. Siku hizi chokaa hutoka yote pamoja na uji, na sururu haina kazi tena.

Thuo alipotoka hospitalini alimtembelea Jepkoech, akaketi bila kugusa chai.

"Joash amekataa kuniona," akasema.

"Ana haki. Usimlazimishe," Jepkoech akamjibu. "Lakini kesho uje kazini."

Akaja. Wamalwa alimsogezea kiti.