Maji Kwenye Tundu la Plagi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na nikiikumbuka mwili unanisisimka mpaka leo: siku niliyomwita baba yangu mdogo mwizi mbele ya watu. Mimi! Tena baba mdogo aliyenibeba mgongoni nikiwa sijui hata kufunga kamba za viatu.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na saba, nafanya kazi Dar, nimenunua kigari changu cha kwanza. Desemba ikafika, nikapanda nacho nyumbani Mwika kula Krismasi, kama Wachagga wote wenye akili zao. Baba mdogo alikuwa fundi magari pale Himo, na gereji yake ndiyo iliyomlisha yeye na watoto wake. Nilipita kwake njiani, akaniwekea plagi mpya nne za injini, moja kwa kila silinda, akagoma kupokea chochote. Akasema kesho atapanda aje kula nasi.

Asubuhi yake nikataka gari ling'ae. Si unawajua watu wa nyumbani? Anayerudi hutazamwa gari kabla ya uso. Nikafungua boneti, nikachota maji ya mfereji unaopita kihambani kwetu, lile shamba la migomba la ukoo, ndoo juu ya ndoo, nikaimwagia injini mpaka ikametameta. Nilijiona fundi kuliko mafundi.

Mchana wageni wakajaa uani, ndizi jikoni, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, baba mdogo naye amekaa na wazee wenzake. Nikawasha gari nikamchukue bibi kanisani. Loo! Likatetemeka kama mtu mwenye malaria. Lilikuwa linamisi: linakohoa, linashtuka, halina nguvu hata ya kutoka getini. Watu wote wananitazama. Aibu ikanipanda kichwani, na mdomo ukatangulia.

"Baba mdogo, plagi zangu mpya umemuuzia nani? Hizi ulizoniwekea ni za kuokota!"

Baba mdogo akaweka kata ya mbege chini taratibu. "Fungua uangalie, mwanangu," akasema. Basi. Akachukua koti lake, akashuka kwa miguu kuelekea barabarani, na chakula hakukigusa.

Na mimi nilivyo kichwa ngumu, nikafungua kweli, ili nitoe zile plagi niwaoneshe watu ushahidi. Nilishamwona yeye mwenyewe akitafuta misi. Unachomoa waya wa plagi mmoja, unasikiliza, unaurudisha, unahamia mwingine. Ukichomoa na injini ikazidi kuyumba, silinda hiyo ni nzima. Ukichomoa na injini isijali, mgonjwa wako umempata. Basi nikashika waya wa kwanza kwa mkono mtupu, injini inaunguruma. Mama yangu! Umeme ulinirusha nikakaa matopeni, na shangazi mmoja alicheka mpaka kitenge kikamdondoka. Wewe usijaribu ujinga huo: zima, chomoa, ndipo uwashe. Nikafanya hivyo. Waya wa kwanza, injini ikayumba. Wa pili, ikayumba. Wa tatu, haikujali kabisa.

Nikazima, nikachungulia tundu la plagi ya tatu. Yesu wangu! Maji. Tundu limejaa maji pomoni, na kipande cha jani kinaelea juu yake. Maji yangu mimi! Nikayanyonya kwa kitambaa, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli hadi pakauka, yasije yakaingia ndani ya injini, kisha nikafungua plagi. Mpya, nyeupe pe, maandishi yake hayajafutika. Nikafungua na zile nyingine, naomba Mungu angalau moja iwe kuukuu. Zote mpya. Nikazirudisha, nikawasha, na injini ikatulia vizuri kabisa. Sijawahi kuchukia mlio mzuri wa gari kama siku ile.

Kumbe baba yangu mzazi amesimama nyuma yangu. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema tu, "Kakate isale mwenyewe. Leo hii."

Isale ni lile jani refu tunaloliotesha mipakani mwa kihamba. Kwetu, ukimpelekea mtu uliyemkosea, hawezi kukufukuza. Nilishuka nalo kwa gari mpaka Himo. Nikamkuta baba mdogo ameketi juu ya tairi, gereji ameifunga. Nikapiga magoti pale pale kwenye oili.

"Shikamoo, baba mdogo. Nimekukosea. Ni maji, na niliyamwaga mimi."

Akalipokea jani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimekusamehe kabisa," akasema. "Lakini hukuniambia faraghani. Wale waliosikia, nani atawaambia?"

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa ule umeme. Nilidhani nimekuja kumaliza, kumbe ndiyo kwanza naanza. Jumapili nikasimama nje ya kanisa, watu wamekusanyika kwenye mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka, nikasema yote bila kuficha. Lakini wengine walishaondoka, Arusha, Dar, Tanga, na neno langu wameondoka nalo. Miaka mingi baadaye, kwenye msiba Dar, mtu mmoja akaniuliza, "Yule baba yako mdogo wa Himo, anayebadilisha plagi mpya za watu kwa kuukuu, bado ana gereji?" Baba mdogo tulikuwa tumeshamzika. Nilimweleza yule mtu ukweli huku nalia, lakini mwenye jina hakuwepo kusikia.

Kwa hiyo, mwanangu, gari likimisi, anza na mikono yako mwenyewe: jana uligusa nini, ulimwaga nini? Kausha, jaribu waya mmoja mmoja, toa plagi uione kwa macho yako, ndipo utaje jina la mtu. Na ukishamtaja kimakosa, wafuate wote waliosikia, upesi, kabla hawajapanda basi. Nyinyi siku hizi mnaandika kwenye kundi la ukoo, na neno linafika kila mahali kabla chai haijapoa. Sijui mtalirudishaje.

Ruwa, Mungu wetu, akujalie mdomo mzito wa kulaumu na magoti mepesi ya kuomba radhi. Na wale utakaowakosea, akuwekee uzima wao mpaka uwafikie.