Dakika Mbili Kutoka Westray

Kwa miaka thelathini na mmoja Merran Harcus ameipokea ndege ya asubuhi kisiwani Papay akiwa katika sare ya zimamoto. Huivaa mapema. Simu ikishalia kutoka kiwanja cha Westray, kisiwa cha jirani, kwamba ndege imeruka, hana nafasi hata ya kufunga vifungo: ni kilomita mbili na nusu na ushei za bahari, dakika mbili angani, upepo ukisaidia, moja na nusu. Huwafukuza kondoo kiwanjani, kisha husimama kando ya gari la zimamoto, kofia kichwani, kama anayemngoja mgeni wa heshima.

Kila Jumanne mgeni huyo ni muuguzi, ashukaye kukisafisha kidonda cha mguu wa mama yake Merran, Jessann, mwenye umri wa miaka themanini na tisa. Bila muuguzi, Jessann angehamishiwa nyumba ya wazee ya Westray, mbali na jiko lake na paka wake. Ndiyo maana barua ya ofisi moja ya bara ilimkosesha Merran usingizi: safari ya ndege hiyo ingefutwa, kwa kuwa umbali wake "haustahili ndege". Waliopitisha hoja hiyo walikuwa wasomi, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kufungua ramani!

Jumanne iliyofuata, pamoja na muuguzi, akashuka Bwana Pringle wa ofisi hiyo, jedwali mkononi.

"Kati ya viwanja hivi viwili, kwa gari ni dakika nne," alisema.

"Barabara ipi, bwana?"

"Kompyuta imeichora. Hii hapa."

"Naiona. Imepita baharini, juu ya vichwa vya sili." Merran alimrudishia karatasi. "Ukienda nayo, funga vioo."

Muuguzi aliangua kicheko hadi mkoba ukamponyoka.

Adhuhuri ukungu ukatanda, na ndege ya kurudi ikaahirishwa. Merran, ambaye sasa hakuwa na ndege ya kupokea, alivua sare akamsindikiza Pringle kwa boti. Hakumsimanga. Gatini walingoja saa nzima. Baharini, Pringle alipoutapika uji wake wa asubuhi, Merran alimshika paji la uso kama mwanawe. Ng'ambo hawakupata gari, wakatembea hadi kiwanja cha Westray, Pringle alikokuwa ameacha sanduku lake.

"Tumetumia muda gani?" aliuliza akihema.

"Saa mbili na dakika arobaini, bwana. Na miguu yangu mimi ni mizima."

Pringle alitoa kalamu, akazifuta zile dakika nne, akaandika muda alioutumia mwenyewe, na chini yake: safari ya ndege ibaki. Akatia sahihi palepale.

Merran alirudi na boti ya jioni. Jessann alikuwa jikoni, mguu juu ya kigoda, bendeji mpya ikimetameta.

"Umechelewa. Hiyo ndege yako wameshaifuta?"

"Inabaki, mama."

"Basi vua viatu. Unanichafulia sakafu."