Mboga Iliyonyooshewa Kidole

Nilipokuwa mtoto kidole changu cha shahada kilikuwa na adabu kuliko mdomo wangu. Mdomo ulisema unachotaka, ukachapwa, ukarudia. Kidole kilifundwa na Bibi, mzaa mama, kule Tanga, na Bibi hakuwa na mchezo. Boga changa halinyooshewi kidole. Ukilinyooshea litapooza, litadondoka. Ukitaka kumwonyesha mwenzio, unakikunja kidole na kuonyesha kwa kifundo. Ukisahau, Bibi anakuamuru ukiume kidole chenyewe palepale, mbele yake, umwombe radhi mmea. Nilikiuma mara nyingi mpaka kikajikunja chenyewe.

Na mbegu zilizopandwa nyuma ya msimu ndizo mbaya zaidi, alisema. Zile zina nuksi. Mche wake ni dhaifu, na ukinyooshewa kidole hauendi peke yake, unamchukua na aliyeupanda.

Maneno hayo nilihama nayo hadi Riyadh, ambako hatukuwa na shamba wala boga la kulinyooshea kidole. Baba alikuwa amepata kazi ya ukarani kwenye ghala moja mtaa wa Al-Sulay. Tulipanga vyumba viwili juu ya paa, na chini yetu aliishi mwenye nyumba, mjane mmoja ambaye sote tulimwita madam. Kwa madam alifanya kazi Kemunto, msichana wa Kisii, Kenya. Miaka ile mawakala walikuwa wakipita vijijini kwao kukusanya wasichana, na yeye alikusanywa. Kamba za kuanikia nguo zilikuwa huku juu kwetu, basi kila siku Kemunto alipanda na beseni la nguo mbichi, na kila siku tulimsikia kabla hatujamwona. Alikuwa na kicheko kikubwa. Aligombana na shuka zikipeperuka, akazitishia kuzirudisha kwenye mashine. Mie nilimpenda mno.

Mwaka huo Mama alimzaa mdogo wangu Idrisa, akapoteza damu nyingi. Alirudi kutoka hospitali na mfuko wa vidonge na uso uliopauka. Akisimama, kizunguzungu. Akikaa, kizunguzungu. Bibi alipiga simu kutoka Tanga akilia: "Mpikieni mgagani, jamani! Mzazi bila mgagani anapataje damu?" Baba akamjibu kwa upole kwamba Riyadh nzima hajaona mgagani. Na kusema kweli Baba hakuwahi kuuona hata Tanga, ila ukiwa umepikwa.

Kemunto alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake, akasikia. Akasema kwao mama akizaa anapikiwa chinsaga, mboga chungu ya majani, na anapikiwa mpaka aikimbie. Mbegu anazo. Alizifunga kwenye pindo la leso siku anaondoka nyumbani, kwa sababu mama yake alimwambia usiende nchi ya watu mikono mitupu.

"Ila msimu umeisha," Mama alisema kitandani. Hilo hata mtoto alilijua. Riyadh watu hupanda baridi ikikaribia. Wakati ule joto lilikuwa limeshaanza, na majirani kwenye mapaa yao walikuwa wameng'oa giligilani zao na kubaki na vumbi kwenye makopo. Bibi alipoambiwa kwa simu, alipiga ukelele nikausikia mpaka jikoni: "Nyuma ya msimu? Na huyo binti hana mtu wa kumtetea huko? Mwambieni aache!"

Nilimfikishia Kemunto. Alicheka. "Mwambie nyanya yako huo msimu ni wa kwao. Kwetu mvua ndiyo inasema. Na hapa mvua ni mimi."

Basi akapanda. Alichukua mabeseni mabovu ya madam, akayajaza udongo wa bustani iliyokufa uani, akayapanga penye kivuli cha tangi la maji. Mchana aliyafunika kwa shuka kuukuu. Maji aliyoshea mchele hakuyamwaga, aliyapandisha juu. Nilidhani jua lingezichoma mbegu zile zikiwa bado chini. Hazikuungua. Zilitoka nyembamba, zikasimama, zikaanza kukunjua majani, kila jani limegawanyika vidole vitano vilivyochongoka. Mie nilionyesha kwa kifundo. Kemunto aliniona akauliza kwa nini nimekunja kidole kama mgonjwa wa baridi yabisi. Nilipomweleza hakucheka. Akasema kwao pia wako wazee wa hivyo.

Aliyeharibu mambo hakuwa Mwarabu. Lazima niseme hilo, kwa sababu watu nikiwasimulia huruka moja kwa moja kwa madam. Madam asingejua tofauti ya jani lile na jani jingine. Aliyeharibu ni mtu wa kwetu, Mjomba Shabani, rafiki wa Baba, dereva wa lori kati ya Riyadh na Jeddah. Alikuja kumpa Mama hongera ya uzazi. Akapita kwenye tangi kunawa mikono. Mara akasimama.

"Athumani!" alimwita Baba. "Hii nini? Hii bangi!"

Akanyoosha kidole. Mkono mzima, kidole mbele, kwenye mche mrefu kuliko yote. Mie nilijiziba mdomo. Akaona hatujaelewa uzito wake, akalisema kwa Kiarabu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele kuushinda mlio wa lori: hashishi! Neno hilo halihitaji mkalimani. Liliteremka ngazi likamkuta bawabu, na bawabu akalipeleka kwa madam.

Shabani mwenyewe hakungoja. Alisema ana mzigo wa kupeleka, akashika njia.

Nchi ile ukikutwa na bangi hakuna mzaha. Ni jela ndefu, na tulisikia kuna wanaokatwa vichwa kwa dawa za kulevya. Nilikuwa mdogo lakini hilo nililijua, na Kemunto alilijua zaidi, kwa sababu alipopandishwa juu na madam alikuwa kimya. Sikuwa nimewahi kumwona kimya. Madam alikuwa na simu mkononi, bawabu nyuma yake.

Sasa, Baba Kiarabu chake kilikuwa cha ghalani: lete, pakia, mafi yaani hakuna, halas yaani basi. Kemunto chake kilikuwa cha jikoni. Aliyekuwa na Kiarabu cha kuongea na mtu mzima aliyekasirika ni mie, kwa ajili ya shule. Wote wakanigeukia.

Baba akainama sikioni mwangu. Baba yangu ni mtu mwema, namtetea mpaka kesho, lakini siku ile aliogopa. Ikama yake, kibali cha kuishi kule, ilikuwa inakaribia kwisha, na kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini, alikuwa mtu wa kutafuta sababu. "Mwambie madam tunaomba radhi," alisema. "Hatukujua. Tunaing'oa sasa hivi."

"Wee!" Kemunto akasema. Ndiyo sauti yake ya kwanza. "Usimwambie hivyo, Zuhura. Mwambie hii ni mboga. Nikiing'oa si nitakuwa nimekubali? Haing'olewi."

Nilimtazama Baba. Nilimtazama Kemunto. Halafu nikamwambia madam, kwa Kiarabu changu kizuri cha darasani, kwamba hii ni mboga ya kwao Kemunto, na hataki kuing'oa kwa sababu hajafanya kosa.

Baba alielewa vya kutosha. Alinifinya bega mpaka nikauma meno. Hata leo nikilikumbuka bega lile sijuti.

"Mboga gani isiyouzwa sokoni?" madam aliuliza.

"Ya kwetu," nikamjibu. Hilo hakunituma mtu.

Akawasha simu. Akasema polisi wakija wataijua wenyewe. Kemunto akanishika mkono. "Wakinichukua," alisema, "utafute mtu amwambie mama yangu sikuuza kitu. Umenisikia? Sikuuza kitu." Nilikuwa nimeshaanza kulia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Hapo mlango wa chumba ukafunguka. Mama alikuwa hajatoka mle tangu arudi hospitali ila kwa kushikwa mkono. Alitoka peke yake, ameshika ukuta, kanga kaifunga kifuani, akaenda hatua kwa hatua mpaka kwenye mabeseni. Akaondoa shuka. Akachuma majani, si moja, mkono mzima.

"Rukia, usile!" Baba alisema. "Utajuaje ni nini?"

"Nitajua nikishakula."

Akatia mdomoni. Akatafuna mbichi, mbele ya madam, mbele ya bawabu, mbele ya Baba aliyekuwa ameshika kichwa. Uso ukamkunjika. Akatafuna tena. Kisha akafumbua macho akamtazama Kemunto.

"Loh! Kemunto, mdogo wangu! Mbona huu mgagani?"

Kumbe. Mboga aliyoililia Bibi kwenye simu, na mboga aliyotaka iachwe, ilikuwa moja. Mama wa mjini yule, alizoea kuinunua mafungu mafungu sokoni, na hii alikuwa akiiona kwa mbali tu, imefunikwa shuka. Lakini ulimi wake uliijua. Nami ninachokumbuka zaidi ni kwamba aliila kabla ya kuijua. Kemunto kasema ni mboga, basi Mama kaila.

"Zuhura," aliniambia, "mwambie madam asipige simu kwanza. Akae. Tunampikia."

Nilimwambia. Sijui kama ni uzazi wa Mama uliomtia huruma au ni udadisi, lakini madam alikaa, juu ya ndoo iliyofudikizwa, simu ameilaza pajani. Kemunto alichambua majani huku mikono inamtetemeka mpaka mengine yakamwanguka. Mie niliyaokota. Yakachemshwa, maji machungu yakamwagwa, yakachemshwa tena na maziwa. Mama akapakua sahani mbili. Yake akaila yote.

Madam alionja kwa ncha ya kijiko. Akakunja uso kama mtoto aliyepewa dawa ya minyoo.

"Hii?" alisema. "Kwa uchungu huu nani angeinunua?"

Bawabu akacheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. Madam akasimama akakung'uta abaya yake. Halas, alisema, yamekwisha, lakini mboga zing'olewe, hataki maneno ya majirani. Nikamtafsiria Kemunto.

Kemunto alijifuta uso kwa kitambaa cha kichwa. Mtu mwingine angeshukuru akanyamaza. Hata mie nilitaka anyamaze. "Mwambie sawa," alisema, "zikishatoa mbegu."

Baba alifumba macho. Nilitafsiri kama nilivyoambiwa, sikuongeza hata tafadhali. Madam alimtazama Kemunto, akanitazama mie, akasema, "Tayyib," yaani haya, akateremka.

Kemunto alikaa sakafuni akalia kwa sauti. Mama akakaa naye. Idrisa naye akaamka ndani akaanza, ikawa kilio cha nyumba nzima, Baba akabaki anazunguka na birika la chai asijue amnyweshe nani.

Mche ule mmoja aliounyooshea kidole Shabani ulikauka wiki hiyohiyo. Mingine ikanawiri. Bibi alipopata habari akapiga simu kwa ushindi: "Si nilisema? Si nilisema?" Mama akamwambia ni jua, mche mrefu ulipita kivuli cha tangi. Wakabishana mpaka salio likaisha. Kemunto alisema amekaushiwa mmoja na amebaki na mingine yote, kwa hiyo hana deni na nyanya wa mtu. Mama aliila mboga ile mpaka akaichukia, na akapata damu. Kama ni kwa mgagani au kwa vidonge, sitabisha na daktari wala na Bibi.

Mkataba ulipokwisha Kemunto alirudi kwao. Alimwachia Mama mbegu, amezifunga kwenye pindo la kanga. Baadaye Baba akapata kazi nyingine ya ukarani, Bandari ya Jeddah, tukahamia nyumba yenye kibaraza kidogo si mbali na Balad, mji wa kale. Mama alizipanda pale wakati usiofaa, joto la kuchemsha yai. Zikaota. Na siku moja akatokea nani mlangoni, ameegesha lori lake bandarini? Shabani. Mama alimkaribisha vizuri, akampakulia wali na mgagani, akamwekea mbele.

"Kula, Shabani," alisema. "Kula hashishi."

Shabani alicheka. Mama hakucheka. Shabani alikula, akaomba aongezwe, akasema mboga tamu, imemkumbusha nyumbani. Radhi hakuomba. Wala hakuuliza yule msichana aliishia wapi.

Leo mie ni mama wa watu, nimerudi Tanga, na Bibi ameshalala kaburini. Kila mwaka masika yakishapita, wenzangu wakiwa wameshavuna, ndipo mie napanda mgagani, makusudi. Majirani wananiambia nachelewa. Nawajibu huo msimu ni wao. Mingine inakufa na mingine inaota, kama mbegu za mtu yeyote.

Wanangu nimewafunza kukunja kidole. Mume wangu huniita mshirikina, sibishani naye. Kama mche unasikia au hausikii, sijui, na sina haja ya kujua. Ninachojua ni mikono ya Kemunto ikitetemeka juu ya majani, kwa ajili ya mtu aliyenyoosha kidole bila hakika kisha akashika njia. Sisi watoto tulikosa kwa boga tu, boga lisilo na mama, na Bibi alitusimamisha tukaviuma vidole vyetu.

Shabani hajakiuma chake hadi leo.