Kompyuta ya Baba Mkwe Ilipokataa Kuwaka

Nikikumbuka Jumamosi ile kule Mwanda, mwanangu, hucheka peke yangu mpaka wajukuu huniuliza nacheka na nani. Keti nikusimulie, maana nimesikia kompyuta yako imegoma na wewe umeshaanza kubonyeza kila kitu unachokiona. Toa mkono hapo kwanza. Itakungoja.

Nilikuwa mkamwana mpya. Mimi ni mtu wa Mahoo, kule Taveta, nimekulia kwenye joto na ndizi. Nikaolewa na Mwadime, mtu wa milimani, ambako ukungu huingia hadi jikoni bila kubisha hodi. Siku za kazi tulikaa Voi, nami nilihudumia wateja katika saiba, duka dogo la kompyuta na intaneti karibu na stendi. Wikendi tulipanda Mwanda kwa wazazi wake. Na mkamwana mpya, unajua mwenyewe, huja na macho yake na masikio yake, lakini mdomo huuacha kwao.

Baba mkwe alikuwa mwalimu mstaafu, mpenda kwaya. Alipostaafu hakutaka kukaa tu akihesabu mawingu. Alizunguka Mwanda na Mghange na simu yake mfukoni, nyumba kwa nyumba, akiwaomba wazee wamwimbie nyimbo za zamani za Kidawida, lugha ya kwao: za kulima, za harusi, za kubembeleza watoto. Alizirekodi, akazihamishia kwenye kompyuta iliyokuwa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, kisha akazifuta kwenye simu ili apate nafasi ya nyingine. Baadhi ya wale walioimba walikuwa wameshalala usingizi wa mwisho. Basi nyimbo zao zilibaki mahali pamoja tu, chini ya kile kitambaa. Na siku iliyofuata Jumamosi ile, baada ya ibada, wanakwaya walikuwa waje nyumbani kuzisikiliza ili waanze kujifunza.

Tulipofika tulimkuta Baba ameketi mbele ya kompyuta, kofia magotini, kama mtu aliyekuja kuhani msiba.

"Imekufa," akasema.

"Imekufaje, Baba?" Mwadime akamuuliza.

"Imekufa yenyewe."

Mama mkwe aliingia na sufuria ya kimanga, chakula cha kupondwa cha kwao, akamtazama mumewe, akaweka sufuria mezani bila neno. Mimi nikauona ule ukimya. Ukimya wa mke aliyeishi na mtu miaka mingi husema mengi kuliko redio.

Shemeji yangu Mwakio, mdogo wa mume wangu, alikuwa ametoka chuoni kwa likizo. Kijana mchangamfu, mkono mwepesi, hana ubaya na mtu. Akaiwasha. Mashine ikanguruma, taa zikawaka, tukadhani imeamka. Halafu kioo kikawa cheusi, yakatokea maandishi meupe, ikasimama hapo hapo. Nikachungulia juu ya bega lake, nikasoma. Kulikuwa na ukarabati wa mfumo ulioanza na haukumalizika. Mwanangu, kompyuta ile haikuwa imekufa yenyewe. Kuna mtu aliipeleka kwa daktari, kisha akaitoa kitandani kabla ya kushonwa. Lakini mimi ni nani niseme hivyo mbele ya baba mkwe?

"Hii si kazi," Mwakio akasema, akitoa CD kwenye begi. "Napiga format, naweka system mpya, jioni Baba anatumia."

"Na nyimbo?" Baba akauliza, sauti imeshuka.

Mwakio akajikuna kichwa. "Nyimbo... hizo pengine zimeshaenda, Baba. Lakini mashine itapona."

Baba akasogeza kiti kumpisha. "Haya. Fanya tu."

Nilijua maana ya neno lile, format. Ni kufagia nyumba yote, na waliolala ndani ukawafagia pia. Maji yakishamwagika hayazoleki. Nikataka kusema, lakini ulimi uligoma kama ile mashine. Mwakio akaingiza CD yake. Mama mkwe hakuwa akiitazama kompyuta. Alikuwa akinitazama mimi.

"Mke wa Mwadime," akaniita, "naona unameza maneno kama mtu aliyekwamwa na mwiba. Kuna kitu unakijua?"

"Mama, sitaki kumkatiza shemeji."

"Heshima gani hiyo? Nyumba ikishika moto, hata mgeni hupiga kelele. Hangoji aulizwe. Ukinyamaza sasa, kesho tutalia sote, na wewe utalia zaidi kwa sababu ulijua."

Alinikemea mbele ya watu wote, mwanangu, na nyuso zote zikanigeukia. Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini kemeo la mtu anayekupenda ni kama maji baridi ya asubuhi: yanakushtua, kisha yanakuamsha.

Nikamwambia Mwakio, "Shemeji, naomba usubiri kidogo. Tusifute kwanza." Kisha nikamgeukia Baba, macho yangu chini kama adabu inavyotaka. "Baba, samahani. Mgonjwa akifika hospitali, daktari humuuliza alikula nini. Si kwamba anamgombeza, anataka kumtibu. Kabla haijazima, kuna jambo lolote lilitokea?"

Nje jogoo akawika, hata yeye akaonekana kama anataka jibu.

"Mwambie mtoto," Mama akasema taratibu.

Baba akaigeuzageuza kofia yake. "Ilikuwa inakwenda polepole sana. Ikaniuliza kama nataka irekebishwe, nikakubali. Ikakaa, ikakaa. Mara radi ikaanza kupiga huko juu. Sasa mimi miaka yote nimewafundisha nini? Radi ikipiga, chomoa waya." Akaonyesha soketi ukutani. "Nikachomoa."

"Kumbe ni wewe, Baba!" Mwakio akapaza sauti.

"Ni mimi," Baba akasema. "Mimi na radi."

Tulicheka mpaka Mama akashika ukuta, na Baba mwenyewe akacheka kuliko sisi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye alitoboa siri, nami nikapata pa kuanzia. Kama ukarabati ulikatika katikati, basi huenda kilichoharibika ni kile kinachoiamsha kompyuta tu, na nyimbo zimelala salama mahali pake.

Kwenye mkoba nilikuwa na CD nyingine, ya kule kazini, tuliyoitumia kwa mashine zilizogoma. Hiyo haifuti kitu. Kompyuta hujiwasha kwa CD badala ya mfumo wake uliovunjika, nawe unaingia kama mtu aliyepita mlango wa nyuma kuokoa vyombo. Nikatoa ya Mwakio, nikaiingiza. Mashine ikaipuuza, ikarudia maandishi yake yale yale. Nikajaribu tena, wapi. Hapo Mwakio akasogea. "Shemeji, lazima uiambie ianze na CD. Kwa mashine hii kuna kitufe unakibonyeza mapema, kabla haijachagua." Akakibonyeza. Kweli, ikaitii. Siku ile kila mtu alikuwa na kipande chake cha ufunguo.

Yakatokea mafaili ya Baba, kila moja na jina la mwimbaji. Tukaanza kuyanakili kwenye flash yangu, lakini haikutosha. Mwakio akatoa yake, imejaa rege. Akaitazama kwa huzuni, akafuta rege yote. Mpaka leo huwa tunamkumbusha sadaka ile.

"Zimetoka?" Baba akauliza.

"Bado, Baba. Mpaka tusikie."

Nikafungua moja. Ikakwaruza kidogo, kuku wakasikika, kisha sauti ya mwanamke mzee ikaanza kubembeleza mtoto. Ilikuwa sauti ya dada mkubwa wa Mama mkwe, tuliyekuwa tumemzika si zamani sana. Mama akaacha kupakua kimanga. Akasimama na mwiko mkononi, midomo ikaanza kusogea, kisha akaitikia, dada anaimba ndani ya mashine na yeye anamjibu sebuleni. Baba akajifanya anatafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni.

Nyimbo zilipokuwa salama tukajaribu kuumalizia ule ukarabati. Ukashindikana tena! Lakini hakuna aliyeshika kichwa. Mama alisema tu, "Kuleni kwanza." Tukala, kisha Mwakio akapewa ruhusa ya kupiga format yake, nasi tukazirudisha nyimbo ndani. Ile iliyokuwa sumu mchana ikawa dawa jioni. Jumapili wanakwaya walijaa sebuleni mpaka wengine wakasikilizia dirishani, na Baba akawaambia bila haya jinsi alivyochomoa waya. Tangu hapo nakala za nyimbo zile zinakaa katika nyumba tatu tofauti.

Sasa, mwanangu, turudi kwako. Kitu kikiharibika, usikimbilie kukitengeneza. Uliza kwanza ndani mna nini kisichonunulika, ukitoe hicho. Chombo kitapatikana kingine. Kama ni wewe uliyechomoa waya, sema mapema. Aliyekuja kukusaidia hawezi kutibu asichoambiwa. Na ukijua jambo, usijifiche nyuma ya ugeni wala adabu. Liseme kwa upole, lakini liseme. Adabu iko kwenye namna ya kusema. Kunyamaza huku watu wanapotea si adabu, ni woga tu.

Mungu akupe mkono usio na pupa na ulimi usioogopa kweli. Akujalie wakwe watakaokukemea wakikupenda, akulindie sauti za watu wako, na nyumba yako isikose wimbo. Haya, ilete hiyo kompyuta yako hapa. Na uniambie ukweli: ulibonyeza nini?