Makofi ya Wimbo wa Tatu

Mzee aliyenifundisha piano nilipokuwa mtoto, na akashindwa, aliniomba niandike maneno ya nyuma ya diski yake. Alikuwa amestaafu reli zamani. Jazi hakuwahi kuistaafu. Hiyo diski ilirekodiwa mbele ya watu katika ukumbi wa parokia hapa Kalemie: yeye kwenye piano, fundi mmoja wa bandarini kwenye besi, na mpiga ngoma wa kwaya.

Katikati ya wimbo wa tatu piano inanyamaza. Besi inaendelea, ngoma inanong'ona, watu wanapiga makofi, kisha piano inarudi. Juu ya ukimya huo niliandika aya nzima: kwamba mzee amefikia umri ambapo mtu hahitaji tena kujaza kila nafasi. Neno "hekima" nililitumia mara tatu. Niliipenda sana aya ile.

Nilipoipeleka, mzee alikuwa amejilaza kidogo. Nikamsomea mkewe, aliyekuwa akichagua ndagala, vile visamaki vya ziwani, kwenye ungo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nilipofika kwenye makofi.

"Wewe mutoto umesoma sana, lakini kanisani hatukuoni," akasema. "Yale si makofi ya sifa. Muimbaji akipotea, tunamupigia makofi mpaka apate njia."

Nililijua hilo tangu utotoni. Ila nilikuwa nimesoma vitabuni jinsi wasikilizaji wa jazi wanavyompongeza mpigaji katikati ya wimbo, nikawahamisha waumini wa parokia yetu hadi mji wa mbali bila kuwauliza.

Kisha mke wa mzee, ambaye sote tunamwita Mama, akashusha sauti. Mume wake alikuwa ametia chumvi kwenye chai, na mara mbili alimwita yeye mkewe kwa jina la dada yake mzee, ambaye ni marehemu. Watoto hakuwaambia. Alitaka mimi, ninayeuelewa muziki huo, nimwambie: pale alinyamaza, au alipotea?

Nikaucheza tena wimbo wa tatu kwenye simu. Mara ya kwanza nilisikia hekima. Mara ya pili nilisikia mtu aliyepotea. Mara ya tatu nilisikia besi tu.

Mzee alipoamka tukamuuliza.

"Nilikuwa nasikiliza," akajibu.

Mama akanitazama kama mtu anavyomtazama daktari.

Mzee akaketi kwenye kinanda kidogo karibu na dirisha ili atuonyeshe. Alipofika mahali pale, mikono yake ikabaki hewani. Tukangoja. Mama akaanza kupiga makofi taratibu, nami nikamfuata, bila kujua yangu yalikuwa ya aina gani. Mzee akatugeukia kama mwalimu anavyowatazama wanafunzi waliochelewa, halafu akauanza wimbo upya, kutoka mwanzo. Mama hakuacha kupiga makofi.

Aya yangu niliifuta. Nyuma ya diski utakuta majina ya nyimbo tu.